Maziwa ya Sharti

Kabla ya sotoka kupita Karagwe, jirani yangu, bibi mmoja wa Kihima, alikuwa na ng'ombe wengi hata jioni ndama walilala barazani kwa kukosa nafasi zizini. Sotoka ilipoondoka alibaki na ng'ombe mmoja. Mimi sikuwa mfugaji, na maradhi yale hayakunigusa. Mauti yaliingia kwangu miaka michache baadaye, ng'ombe yule alipokuwa amezaa ndama jike: mke wangu alikufa kwa homa ya siku tatu, akaniachia binti wa miezi minne.

Baba yangu alikuwa mtu wa Mrima, huko pwani, aliyekuja huku na misafara ya chumvi na nguo, akaoa Mnyambo, akazeeka hapa. Alinifundisha mambo mawili, kusoma Kurani na kushona kanzu. Kwa Wanyambo wa kijijini kwetu, upande wa Chonyonyo, mwanamume mwenye sindano lilikuwa jambo la kuchekesha, lakini kwa wafanyabiashara wa barabarani lilikuwa jambo la lazima. Kila aliyetaka kanzu ya kusalia alipita kwangu. Nilishonea nyumbani, kwenye baraza inayotazama njia, migomba ikiwa nyuma yangu, na tangu siku tuliyomzika mke wangu mtoto akawa mapajani au mgongoni.

Wazazi wangu wote wawili walikuwa wameshatangulia. Dada wa marehemu aliishi Nyakatuntu, naye alikuwa ananyonyesha mapacha. Nilimpelekea mtoto, nikakaa siku tisa nikimtazama akipungua. Dada yule alimpa alichoweza, Mungu amlipe, lakini walikuwa watoto watatu kwa mama mmoja aliyekula vibaya mwaka ule. Siku ya kumi alinirudishia mtoto huku analia, akisema asingependa afie mikononi mwake. Nikarudi naye nyumbani, nikajaribu uji mwembamba wa ndizi kavu. Alitema. Nikajaribu wa ulezi, akameza kidogo na usiku kucha tumbo likamuuma.

Asubuhi moja bibi yule wa Kihima alisimama mlangoni mwangu bila kuitwa. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia kwa Kinyambo, maana Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya wapagazi, na mazungumzo yetu yote nitakayoyaeleza hapa yalikuwa kwa Kinyambo. Alimnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, akauminya mguu wake kama anayepima ndama, akauliza nasubiri nini. Nilimwambia nilikuwa tayari kumpa nguo, chochote, kwa maziwa kidogo ya asubuhi na jioni.

"Maziwa hayauzwi," alisema. "Nitampa mtoto. Lakini maziwa yana adabu zake, na nyumba yanamoingia huzifuata."

Akanitajia adabu hizo. Maziwa yasiwekwe motoni kamwe, kwa maana ziwa la ng'ombe huungua pamoja nayo. Na katika nyumba yanamoingia, mtu yeyote asile kuku, asile samaki, wala asile maharage. Akila, ng'ombe hukauka. Kuku na samaki niliweza kuwaacha bila shida. Maharage ndiyo yaliyonifanya nimeze mate. Yeyote aliyeishi kwetu anajua kwamba ndizi hupikwa na maharage asubuhi, na jioni maharage hupikwa na ndizi. Nilikubali papo hapo.

Kisha ikanibidi na mimi nitoe sharti langu, na nilikuwa na aibu, kwa kuwa mwombaji hana desturi ya kuweka masharti. Wahima wa wakati ule walisafisha vyombo vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe, na katika madhehebu niliyofundishwa mkojo huo ni najisi. Nilimweleza kwa upole, macho nimeyatupa chini. Bibi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Alisema mkojo wa ng'ombe wake ni msafi kuliko mto tunaotawadhia. Lakini jioni alikuja na kibuyu kipya, alichokisafisha kwa maji na kukifukiza kwa nyasi tu, na akanionyesha ugwe wa gome la mti alioufunga shingoni mwa kibuyu kile ili asije akakichanganya na vyombo vyake vingine. Alikuwa na macho mabovu, kwa hiyo ugwe ule ulikuwa wa kupapasa kwa vidole.

Mtoto alikunywa maziwa hayo kutoka kwenye jani la mgomba nililolikunja kama mfereji mdogo. Alikunywa, akacheua, akalala. Nilisujudu mahali nilipokuwa, sikumbuki hata kama nilielekea kibla.

Miezi iliyofuata nilijifunza kazi yangu upya. Fundi hushona kwa pumzi ndefu: unaanza pindo hapa, unaishia kule, mkono haukatiki. Mtoto alinifundisha kushona kwa pumzi fupi. Akiwa macho nilifanya kazi isiyodhurika, kama kukunja pindo na kushikiza. Akilala nilifanya tarizi ya shingoni, ambayo haisamehe mkono ukitetereka. Alipoamka katikati ya tarizi nilimfunga mgongoni, nikagundua kuwa mgongo wa fundi ulioinama ni kitanda kizuri kuliko kikapu chochote. Sindano nilikuwa nazo sita. Kila nilipoinuka nilizihesabu, na siku moja zilipokuwa tano nilikung'uta mkeka, nguo, nywele za mtoto, nikamfungua kinywa na kukipapasa kwa kidole, mpaka nikaiona ya sita ikiwa imechoma mkono wa kanzu yangu mwenyewe.

Wanawake waliopita kwenda kuchota maji walinifanyia mzaha kila siku. Mmoja aliuliza kwa sauti kama fundi amejifungua salama. Mwenzake akamjibu kuwa salama, ila ndevu hazijadondoka. Wanaume hawakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Walikuwa wakitazama pembeni. Nilijipa moyo kwa kukumbuka kwamba Mtume alisali huku amembeba mjukuu wake wa kike, na nikawa namsalia hivyohivyo, nikimlaza ninaposujudu na kumbeba ninapoinuka.

Mara moja binti yangu alipata ua la mgomba, akalichuna, kisha akashika kanzu ya bafta iliyokuwa karibu kumalizika. Utomvu wa mgomba hautoki katika nguo nyeupe. Ukiufua unazidi kuwa mweusi. Nililitazama doa lile muda mrefu, kisha nikafumua kwapa, nikaligeuza ndani ya mshono, nikashona juu yake. Mwenye kanzu alifurahi sana na mimi sikumwambia kitu. Ameshakufa, Mungu amrehemu, na naliandika hapa kwa kuwa halikunipendeza hata siku ile.

Mwezi wa Ramadhani uliingia katika kiangazi kile kifupi kilicho kati ya mvua mbili. Tajiri mmoja mwenye duka njiapanda, ambaye baba yake na baba yangu walitoka Mrima katika msafara mmoja, aliniagiza kanzu tisa za Iddi: yake, za wanawe, na za watu wa dukani kwake. Niliahidi. Mchana nilifunga na kushona, na mtoto alikuwa anaota meno, hataki mkeka, hataki mgongo, anataka kushika uzi. Kupika sikuwahi. Nilifuturu kwa maji na ndizi za kuchoma, na daku yangu ilikuwa ndizi zilezile zikiwa baridi.

Siku ya kumi na mbili ya mfungo, mke wa tajiri alituma bakuli la futari. Alinihurumia, na hakujua lolote kuhusu masharti yangu. Nilifungua kawa, mvuke ukanipanda usoni. Zilikuwa ndizi zilizopikwa na maharage na samli. Sitasema sikuyaona, jua lilikuwa halijafika chini ya mlima, na maharage yalikuwa mekundu, yamejaa. Nilijiambia kuwa Mungu amenihalalishia chakula hiki. Nilijiambia kuwa ng'ombe aliye zizini hawezi kuona bakuli lililo nyumbani kwangu. Adhana ilipolia nilikula. Mtoto alinyoosha mkono, nikamlambisha mchuzi kwa ncha ya kidole, akatabasamu. Nikala mpaka bakuli likabaki jeupe.

Siku tatu baadaye kibuyu cha asubuhi kilikuja kikiwa na maziwa pungufu. Siku ya tano kilikuja nusu. Bibi hakuniuliza. Alisema tu kuwa ng'ombe anashika maziwa, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Mimi nilitazama nyasi za kilimani zilivyokauka, nikajua sababu kwa akili zangu, na sikusema. Jioni ile mtoto alimaliza maziwa yake akalilia mengine, na hayakuwapo. Nilimpa uji, akala kidogo. Kesho yake alikula pungufu ya hapo, na nilianza kuuona tena ule mguu mwembamba aliorudi nao kutoka Nyakatuntu.

Kisha nikasikia kutoka kwa wachota maji kwamba bibi amepata habari za mfumu, mpiga ramli hodari, huko Bugomora. Angekwenda kwake aelezwe ni mfu gani katika ukoo wake aliyekasirika, na malipo ya mfumu yalikuwa ndama. Hakuwa na ndama mwingine ila yule jike mmoja. Kama angemtoa, ng'ombe yule angezeeka peke yake, na zizi lingefungwa.

Nilimbeba mtoto nikaenda dukani kwa tajiri, kwa sababu nilitaka mtu wa dini yangu aniambie ninyamaze. Nilimweleza yote. Alicheka, akaniambia ng'ombe huwa wanapunguza maziwa kiangazi tangu dunia iumbwe, na kwamba nikimwambia bibi nimekula maharage nitakuwa nimemthibitishia ushirikina wake. Halafu akaacha kucheka, akamtazama mtoto. "Fundi, ukisema, maziwa yanakatika leo. Huyu atakunywa nini? Fiqhi yako?"

Nilirudi nyumbani, nikaketi na kazi yangu, na sindano haikwenda. Alichosema tajiri kilikuwa kweli chote. Lakini baba alinifundisha kwamba Muislamu hufungwa na sharti aliloliridhia, hata aliyempa sharti awe nani. Mimi sikuwa nimemwahidi bibi kuamini adabu za maziwa. Nilikuwa nimemwahidi kuzifuata. Na yeye, asiyeona ubaya wowote katika mkojo wa ng'ombe, alilifuata sharti langu kila siku kwa vidole vyake, gizani mwa alfajiri, bila mimi kumsimamia. Niliweza kumdanganya asijue kamwe. Ndilo lililoniogopesha.

Niliswali alasiri, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda hadi zizini. Bibi alikuwa amechutama akisuka kamba mpya ya kumwongozea ndama. Nilimwamkia, kisha nikasema kabla moyo haujarudi nyuma.

"Bibi, usimpeleke ndama Bugomora. Aliyekula maharage ni mimi."

Aliendelea kusuka. "Lini?"

"Jioni ya siku ya kumi na mbili ya mfungo wetu."

"Matonge mangapi?"

"Sikuhesabu. Nilimaliza bakuli."

Hapo mikono yake ilisimama. "Na mtoto?"

"Nilimlambisha mchuzi kwa kidole."

Ndama alikuja kumlamba kiwiko na yeye hakumfukuza. Kisha alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na ndiyo iliyonichoma:

"Siku zote hizi nimelala nikiwataja wafu wangu mmoja mmoja, nikiwauliza nimewakosea nini."

Nilimwomba radhi. Alisema maziwa hayataingia tena nyumbani kwangu. Nilikuwa nimejitayarisha kulisikia neno hilo. Nilimshukuru kwa yale aliyotupa miezi yote ile, nikageuka niondoke. Nilikuwa nikiwaza njia ya Nyakatuntu na siku zile tisa.

"Unakwenda wapi na mtoto?" aliuliza.

Nilisema nakwenda nyumbani.

"Nimesema nyumba yako. Iliyokula ni nyumba. Mtoto hana nyumba, ana mgongo tu anaobebewa. Mlete hapa."

Akamfungua mwenyewe kutoka mgongoni kwangu, akakaa naye kwenye majani makavu, na maziwa ya jioni, nusu ile ile ya kibuyu, yakanywewa palepale uani. Mimi aliniamuru nikae nje ya ua. Alisema nitakaa nje mpaka mwezi uandame mara mbili, na katika siku hizo chungu changu kisiguse hata maharage ya mbegu.

Basi kuanzia kesho yake nilihamisha kazi. Kila alfajiri nilibeba mtoto mgongoni na bafta kichwani, nikapanda kilima. Mtoto aliingia uani, mimi nikatandika mkeka wangu nje ya ua, kando ya kichuguu, nikashona. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, mgongo wangu ulikuwa mtupu mchana kutwa, na nakumbuka mshono wa siku ile ya kwanza ulikwenda upogo kwa sababu mwili wangu ulikuwa unatafuta uzito uliouzoea. Nilimsikia mtoto akicheka ndani ya ua kwa kicheko ambacho kwangu hakuwahi kukitoa, cha kuchekea ndama.

Bibi hakuwa amenisamehe upesi hivyo. Alikuwa akinisema kwa juu, kupitia ua, ili na wapita njia wasikie.

"Wewe mla maharage, mwanao amenikojolea. Hii nayo ni najisi kwenu?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, inaoshwa.

"Dini yenu ina maji mengi," alisema, na nikamsikia akichota.

Watu walipita wakauliza fundi amefukuzwa na nani. Niliwaambia ukweli, kwamba nimevunja sharti. Baadhi yao, Waislamu wenzangu, waliona aibu kwa ajili yangu, kuketi kama mtumwa nje ya zizi la mtu asiyesali. Sikuona hivyo. Nilipata kivuli cha kichuguu asubuhi, nilisali kwa wakati, na mtoto wangu alikuwa anashiba, au karibu ya kushiba, kwa kuwa bibi alikuwa akimpa pia sehemu ambayo zamani aliinywa yeye. Hilo sikulijua mpaka baadaye.

Iddi ilifika nikiwa na kanzu saba. Ya nane haikuwa na mikono. Ya tisa, ambayo ilikuwa ya tajiri mwenyewe, ilikuwa na tarizi upande mmoja wa shingo tu. Alisali Iddi na kanzu yake kuukuu, na tulipopeana mikono aliniambia ulimi wangu umemvua nguo. Alinuna mpaka mwezi ulipokuwa nusu, kisha akaniletea bafta nyingine. Mkewe alikuwa amemweleza la kumweleza. Tangu hapo bakuli la mkewe lilikuja na njugu badala ya maharage.

Mvua za masika zilianza siku chache baada ya Iddi. Nyasi zilichipua, na maziwa ya ng'ombe yakapanda mpaka yakazidi yalivyokuwa. Mimi nilisema moyoni kwamba ni nyasi. Bibi alisema kwa sauti kwamba ni nyumba yangu iliyosafika. Hatukubishana. Ndama alibaki zizini, na kamba aliyomsukia ikafungiwa kuni.

Mwezi ulipoandama mara ya pili, bibi alikuja kwangu mikono mitupu. Alifunua vyungu vyote, akanusa kinu, akainua hata mkeka wa kusalia, na nilimwacha afanye. Akaenda zake. Kesho yake asubuhi maziwa yaliingia tena nyumbani kwangu, nikakunja jani la mgomba kama zamani, nikamwekea mtoto mdomoni.

Alikataa. Alisukuma jani kwa mikono yote miwili, akatambaa hadi mlangoni, akaketi akiutazama mlima, analia. Nilibembeleza, nikaimba, nikamgeuza, haikufaa. Mwishowe nilimbeba, nikachukua kazi yangu, tukapanda. Bibi alituona tunakuja, akaondoa gogo la mlangoni.

"Ingia na wewe," alisema. "Sindano zako uzihesabu, ndama asije akameza."

Nikatandika mkeka wangu ndani ya ua, na hapo ndipo nilipofanyia kazi mwaka ule na miaka minne iliyofuata. Binti yangu alisimama mara ya kwanza kwa kushika mkia wa ndama yule. Leo ana watoto wake, na wapo wanaosoma kwangu juzuu ya mwisho. Bibi alifariki akiwa katika mila zake. Hukumu yake iko kwa Mola wake, ajuaye vifua vya watu, nami sina elimu ya kuongeza hapo. Ninachojua nakiandika: nilimwambia bibi yule ukweli nikiwa na hakika kuwa nampoteza mtoto, na mtoto aliishi.